Asumini ya Mama

Mama alipopata kiharusi niliapa mambo mawili: kwamba hatalala na nguo chafu hata siku moja, na kwamba asumini yake haitakufa. La kwanza nimelitimiza.

Asumini yenyewe ilikuwa uani, karibu na mlango wa jiko, katika pipa la plastiki lililokatwa nusu. Nyumba yetu ni ya zamani, vyumba sita na ukumbi katikati, na ua wote baba aliupiga saruji kabla sijaanza shule. Ukitaka bustani Kariakoo unaipanda kwenye chombo. Mama alikuwa na mrehani kwenye kopo la rangi, mchaichai kwenye karai lililotoboka, na hiyo asumini, ambayo aliipenda kuliko baadhi yetu. Kila jioni kabla ya magharibi alichuma vitumba akavipanga kwenye kisahani karibu na mto wake. Binti akiolewa mtaani, wenye harusi walikuja kuomba maua ya kikuba, na mama aliwapa huku akinung'unika kwamba watammalizia mti. Hawakuwahi kuumaliza.

Joto lilituingilia mwezi wa kwanza. Zamani ua wetu ulipata upepo, siku hizi tumezungukwa na maghorofa pande tatu. La upande wa magharibi limefunga mashine za viyoyozi kwenye ukuta wake wa nyuma, safu juu ya safu, zote zimetugeuzia matako. Wao ndani wanauza mashuka wamevaa sweta, sisi chini tunapokea joto walilolikataa. Saa sita mchana saruji ilikuwa haikanyagiki bila ndala. Majani ya asumini yakaanza kukunjika, kisha kuwa kahawia pembeni, kisha kudondoka.

Nilikwenda kulalamika. Mimi ni mtu wa hasira, nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri njiani. Mlangoni nilimkuta mlinzi, mtu mzima wa makamo, mpole, amejifunga kitambaa chenye maji shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Namtaka mwenye jengo."

"Mwenye jengo hayupo nchini, mama yangu. Kuna tatizo gani?"

Nikamweleza mashine, ua, mgonjwa, mti. Akatazama juu ukutani kwa muda, akanigeukia.

"Sasa mama, ile hewa tuipeleke wapi?"

Hakuwa na kejeli hata kidogo, aliniuliza kweli. Nilisimama pale natafuta mahali pa kuipeleka ile hewa, nikakosa, nikarudi nyumbani na maneno yangu yote.

Basi nikapambana peke yangu. Nilitundika turubai, upepo wa mashine ukalirarua. Nililizungushia pipa gunia lililoloweshwa, likakauka kabla sijamaliza kumlisha mama uji wake. Nilijaribu kulivuta pipa hadi ukumbini, likagoma, mgongo ukaniuma wiki nzima. Na kila siku alfajiri, mgao wa maji ukituruhusu, nilimwaga ndoo nzima kwenye pipa, maji yakafurika hadi mlangoni. Nilikuwa nikijisemea, shibe hiyo itautosha hadi kesho.

Ajabu ni kwamba sikukumbuka hata mara moja kumwona mama akiumwagilia ule mti. Mrehani ndiyo, kwa kikombe. Mchaichai ndiyo. Asumini hapana. Nilidhani ni mti uliozoea shida. Kando ya pipa kulikuwa na kibao chake cha kukalia na birika la plastiki lililofifia rangi, vitu vyake vya kutawadhia. Nilivipeleka stoo siku ile kiti cha magurudumu kilipoletwa, ili nipate njia ya kukipitisha. Mama mwenyewe sasa alikuwa akitayamamu kitandani badala ya kutawadha, akipapasa mchanga safi niliomwekea kwenye bakuli kwa mkono wake mmoja mzima, kwa sababu maji yaliloanisha godoro na mimi nilishachoka kulianika.

Siku moja nilikatiza Mnazi Mmoja kwa mguu hadi Upanga, kwa mtu anayeuza miche kando ya barabara. Nilimpelekea tawi moja kama mtu anayepeleka kipimo hospitali. Alilivunja, akalinusa.

"Huu unakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi. Ndoo nzima."

"Ndiyo unauua hivyo dada'angu. Asubuhi unauzamisha, mchana unaukaanga. Joto hili unataka kidogo kidogo, mara nne, mara tano kwa siku."

"Nani ana nafasi ya kumwagilia mara tano kwa siku?" nilimjibu, na kwa ukali. Nina mgonjwa ndani. Nikanunua mbolea ambayo hakunishauri, nikaondoka.

Wiki iliyofuata mti ulikuwa vijiti.

Mama alikuwa akiuliza kila jioni. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini neno hilo lilitoka safi: "Asumini?" Siku ya kwanza ambayo hapakuwa na hata kitumba kimoja nilimwambia nakuja, nikavaa mtandio, nikakimbia hadi kona anapokaa mwanamke mmoja na sinia lake la maua. Nilinunua shada lililotungwa, nikalifungua uzi jikoni, nikayapanga maua kwenye kisahani kama kawaida.

"Ya mti wako haya," nilisema. "Unaendelea vizuri."

Mama aliyachukua moja moja kwa vidole vya mkono wa kulia, akayapapasa polepole. "Mashallah," akasema. Nikaona nimeweza. Tukaendelea hivyo karibu mwezi mzima, mimi namdanganya mama yangu mgonjwa kila magharibi, na kila magharibi najichukia kidogo, kisha nazoea.

Halafu siku moja umeme ukakatika saa saba mchana. Feni likasimama. Nilimpepea kwa mfuniko wa sufuria, nikamfuta kwa kitambaa, nikafungua dirisha na kuingiza joto la jirani. Ilipokaribia saa kumi gauni lake lilikuwa limelowa chapachapa na pumzi zinakwenda mbio.

"Nitoe nje," akasema.

"Uani kunawaka mama. Twende ukumbini."

Nikampeleka ukumbini. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mama akanyoosha kidole kuelekea uani na hakukishusha. Nilitafuta uongo mwingine, nikaukosa kama nilivyokosa mahali pa kuipeleka ile hewa. Nikakisukuma kiti.

Aliviangalia vile vijiti. Sikuwa nimepata moyo wa kuving'oa. Nilisubiri alie, au anitukane, ningefurahi angenitukana.

"Birika langu liko wapi?"

"Stoo."

"Lete. Na maji."

Nikaleta. Kwenye kibao hakuweza kukaa, kwa hiyo alinielekeza nisogeze kiti hadi magoti yake yaguse pipa. Akainama, akaweka mkono juu ya udongo, akasema nimimine. Alinawa kiganja, akasukutua, akapandisha maji puani, akanawa uso, akaosha mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Wa kushoto nilimshikia mimi. Maji yote yaliingia kwenye pipa, hakuna tone lililoanguka sakafuni.

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, juu ya kibao kile kile, viwiko juu ya pipa lile lile. Nilikuwa nikiona ni kutawadha tu, na sikuwahi kujiuliza maji yanakwenda wapi.

"Mama, nilikuwa namwagilia," nilisema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Kila siku. Ndoo nzima."

"Najua. Nilikuwa nasikia." Akapumzika. "Asubuhi tu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema unaendelea vizuri. Ukaniletea maua." Akasugua kidole gumba na cha shahada, kama anapapasa kitu kidogo. "Maua yaliyochumwa mtini hayana tundu la sindano."

Nilikosa pa kuweka uso. Mashine za jirani zilikuwa zinanguruma, kwao kuna jenereta. Mama alipaka maji kichwani na masikioni, kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Na wewe unatawadhia wapi?"

"Bafuni, mama. Bombani."

Akatikisa kichwa kukubali. Miguu ilikuwa bado. Niliunyanyua wa kulia juu ya pipa nikaumiminia, akausugua kwa vidole vyake. Kisha nikaunyanyua wa kushoto, ule usiohisi kitu, nikamimina hadi maji ya birika yakaisha.

"Yamefika?" akaniuliza.

Nikamwambia yamefika.