Ndimu Juu ya Majabali

Miaka ile ya vita, sisi marafiki watatu wa Likoni tulitoka alfajiri kwa miguu kwenda kuvua kwa mshipi kwenye majabali ya pwani, mbali, pasipo na mtu. Mmoja wetu, mbishi asiyeshindika, alitukataza kubeba hata muhogo. “Wallahi, mvuvi akibeba chakula, samaki humcheka!”

Tukabeba ndimu na chumvi tu, za kuungia samaki.

Kutwa samaki walikula chambo wakatuachia ndoana tupu. Njaa ilipotuzidi, tuliketi juu ya jabali tukanyonya ndimu kwa chumvi, tukimtukana mwenzetu, naye akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Leo samaki hakosekani mezani kwangu, na ndimu naikamua mwenyewe. Wa kumtukana ndiye sina.