Pikipiki Safi ya Barabara ya Guta

Wenzangu wa kijiweni, mnanijua: mimi ni mtu wa kushuku. Mafuta yakiisha mapema nanusaga kwanza mdomo wa tenki, nijue nani kafungua.

Kabla ya kuugua nilikuwaga na nguvu zangu. Nilipakia abiria kutoka Bunda mjini hadi bandari ndogo ya Guta, na hakuna pikipiki safi kama yangu barabara ile. Masika matope, kiangazi vumbi, lakini kila nikifika Guta naiingiza ziwani, naiosha nikiwa peku, maji ya magoti.

Kwanza miguu iliwasha. Baadaye kukojoa kukawa maumivu, chini ya kitovu panachoma, na matone ya mwisho yakatoka damu. Nilinyamaza wiki nzima kwa hofu. Nikajiambia huu ni ugonjwa wa zinaa, na mimi sijatoka nje ya ndoa, basi kauleta mke wangu, Nyangeta. Nikawa nachungulia simu yake. Muuza dagaa akimsalimia, namkariri sura. Mwisho nikamtamkia kwamba kaniletea ugonjwa.

Hakulia. "Baba Wambura, nenda ukapimwe. Mimi naenda kwa mama."

Akabeba mtoto, akarudi kwao Butiama.

Nilifika zahanati nimekonda. Daktari akasema nije saa sita mchana, nirukeruke kwanza, ndipo nikojoe kwenye kikopo. Nikadhani ananichezea. Majibu yalipotoka aliniuliza:

"Pikipiki unaoshea wapi?"

Kumbe kichocho, minyoo ya maji ya ziwa, na mayai yake hutoka zaidi mchana ukishajitikisa. Akanipima urefu ajue idadi ya vidonge, akavihesabu, nikavimeza vyote mbele yake. Siku ile nilipata kizunguzungu na tumbo likanisokota, lakini baada ya wiki chache damu ilikatika kabisa. Ikabaki aibu.

Nilienda Butiama na cheti cha majibu mfukoni, nikamwomba Nyangeta msamaha mbele ya mama mkwe. Alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Kesho yake tukarudi wote.

Namshukuru Mungu, daktari na mke wangu. Nanyi osheni pikipiki kwa maji ya bomba, na mkiona damu kapimeni kabla hamjamtaja mtu. Yangu sasa ndiyo chafu kuliko zote.

Nyangeta bado haniamini. Kila jioni nikirudi, kabla ya salamu, anainama na kushika pindo la suruali yangu, aone kama limeloa. Nami nasimama wima mpaka amalize.