Mume Mwenye Miguu Mitatu

Inatangazwa kwa watumishi wote kwamba, kuanzia tarehe mosi, majiko ya pampu yanayotumia mafuta ya taa yamepitwa na wakati. Nafasi yake itachukuliwa na gesi, ambayo huwaka popote, wakati wowote, bila kuhitaji utaalamu wa mtu yeyote.

Waraka huo uliandikwa katika chumba chenye birika la umeme.

Mama Pampu, mpishi wa kikosi cha wapima ardhi kwa miaka kumi na tisa, aliusoma mara mbili. Gesi haikumsumbua. Kilichomkaa kooni ni yule "mtu yeyote", maana alikuwa yeye. Jaribio lingefanyika mlimani, mbele ya mkaguzi. Gesi ikifaulu, yeye angerudishwa kufagia korido.

"Afadhali," alisema mumewe. "Nimechoka kugombania mke na mume mwenye miguu mitatu."

"Yule akikohoa, namzibua tundu kwa sindano, anatulia. Wewe nikuzibue wapi?"

Jioni hiyo alilifungua jiko lake la miguu mitatu. Fimbo ya pampu ilizama bila ubishi, na pampu isiyobisha haisukumi hewa: kile kipande cha ngozi cha ndani kilikuwa kimekauka na kupasuka. Dukani hakipatikani tena. Mama Pampu alitazama huku na huku, akachukua kiatu cha harusi cha mumewe, akakikata ulimi. Akakata kiduara, akakiloweka kwenye mafuta, akakipachika. Safari hii fimbo ilibisha.

"Kiatu changu!"

"Uliapa kunisaidia kwa shida na raha. Hii ndiyo shida."

Siku ya tatu mlimani, asubuhi, mtungi wa gesi ulitoa mwali mdogo kama ushanga, ukazimika. Mkaguzi akautikisa. Akaukumbatia ndani ya koti kama kichanga.

"Haipendi baridi," alisema hatimaye.

"Nani aipendaye, bwana mkaguzi?"

Wapimaji wanne, mikono kwapani, hawakucheka. Tangu jana hawakuwa wameonja kitu cha moto.

Mama Pampu akatoa jiko lake. Akachuja mafuta kwa kitambaa, akachokonoa tundu, akamimina spiriti kwenye kikombe kidogo chini ya kichwa cha jiko, akawasha. Kisha akakunja mikono.

"Piga pampu basi, mama!" alisema mkaguzi.

"Kichwa hakijapata moto. Mafuta baridi hayageuki mvuke."

Mkaguzi hakuwa mtu wa kungoja. Aliinama, akapiga pampu tatu. Mwali wa njano ukaruka hadi usoni pake. Mama Pampu akalegeza skrubu ya hewa, moto ukanywea.

"Nyusi huota tena, bwana. Nipishe."

Akaanza upya, pole pole, kama vile hakuna aliyekuwa akitetemeka. Spiriti ilipokaribia kwisha akakaza skrubu, akasukuma. Ulimi wa kiatu ulishika. Mwali ukageuka bluu, jiko likanguruma, na mkaguzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kikombe.

Ripoti yake ilikuwa fupi. Gesi: imefaulu. Jiko la pampu: limefutwa daftarini.

Orodha ya mizigo ya safari iliyofuata, kwa mwandiko uleule wa mkaguzi, ilitaja mtungi mmoja wa gesi, mahema mawili, na "mpishi, pamoja na kifaa chake binafsi, kilo tatu."