Nusu ya Wembe Mkononi mwa Sebahire

Kinyozi Akaliza hanyoi kwa kubahatisha. Ukiketi kwenye kiti chake saluni, pale karibu na Petite Barrière, njia ya mpakani ya kuvukia Goma, huchukua wembe mpya ungali ndani ya karatasi na kuuvunja katikati mbele ya macho yako. Nusu moja anaitia kwenye mdomo wa mpini wa kukunja. Ya pili anakuwekea kiganjani, imefungwa katika karatasi yake. Unaishika mpaka amalize, ujue hakuna uso mwingine uliotangulia wako. Ndivyo wanavyofanya vinyozi wa huku, na mteja akiinuka huitupa nusu yake koponi.

Lakini wazee wetu, Mungu awasamehe, hawakumtaka. Walimtaka Gatete, mwenye saluni, na mpini wake mzito wa pembe alioununua Goma. Wanapima wembe kwa uzito, kama wanaonunua viazi vya Kanama! Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Gatete alinyoa huku akipiga soga, shingo zetu zikaota vipele. Akaliza aliachiwa watoto, tena akaambiwa kwamba asipopata wazee wa kumkalia, kiti chake atapewa mwingine.

Jumamosi moja Gatete alivuka kwenda msibani Goma. Asubuhi hiyohiyo akaingia Sebahire, mzee ambaye wenzake wote humfuata anakonyolewa. Mchana binti yake alikuwa anaolewa. Gatete hayupo, ndevu zipo. Akaketi kwa Akaliza kama anayesubiri kung'olewa jino.

"Leta ile mpini ya Gatete," akasema. "Ile iko nzito."

"Iko nzito, Papa, lakini mudomo yake imelegea. Wembe inacheza mule ndani. Mi siwezi kuiweka pa shingo yako."

"We mutoto, leo binti yangu anaolewa! Ukinikata, wakwe watasema nini?"

"Nikikukata, hii kiti naiacha mi mwenyewe. Lakini ile ya Gatete siigusi."

Mimi nilikuwa hapo nangoja zamu yangu. Nilimpendea ujeuri ule.

Akachukua mpini wake mwepesi wa chuma, akatia nusu ya wembe, akabana, akaujaribu kwa ncha ya kitana. Haukutikisika. Nusu ya pili akampa mzee. Akamkanda kwa kitambaa cha maji moto, akampaka povu, kisha akaivuta ngozi kwa vidole, akaulaza wembe karibu kabisa na shavu na kushuka nao ndevu zinakoelekea, kidogo kidogo, bila kukandamiza. Alipofika kooni, Sebahire alifumba macho.

Alipomfuta, hapakuwa na tone la damu. Mzee akajipapasa shingo, akajipapasa tena, akatoka na nusu yake mkononi bila hata asante. Nilikasirika sana. Shukrani ya punda ni mateke!

Juma lililofuata Gatete alikuwa amerudi. Sebahire akaingia, wenzake wawili nyuma yake, shingo yake haina kipele hata kimoja. Gatete akakipangusa kiti chake, akakunjua mpini wa pembe.

Sebahire akampita. Akaketi kwa Akaliza, akatoa mfukoni ile nusu ya wembe, bado imo katika karatasi yake.

"Ulinipa nikushikie," akasema. "Bon. Tia."