Siku Waliponibadilisha kwa Mwanamke Mrefu

Kabla sijajifungua nilikuwa naanza kila mechi. Baada ya kujifungua nikawa yaya wa timu.

Hakuna aliyenitamkia hivyo. Jumapili ya kwanza niliporudi uwanjani huku mtaani kwetu Umbilo, binti yangu mgongoni, kocha alinipokea kwa furaha, akaniombea, kisha akanionyesha benchi. "Pumzika kwanza, mama. Mwili bado." Sawa. Jumapili iliyofuata, mwenzangu mmoja alikuwa anaingia kucheza, akanitupia mwanawe mapajani: "Mushike kidogo, si umekaa?" Mwingine naye akaleta wake. Haikuchukua muda nikawa na watoto watatu, mifuko ya nepi, chupa za maziwa na simu za timu nzima. Jezi nilikuwa navaa kila wiki, ila ilikuwa inalowa mate ya watoto, si jasho.

Timu yetu ya mpira wa kikapu ni ya wanawake wa Kongo tunaoishi hapa ugenini, wengi wetu wasusi wa saluni na wauzaji wa maduka ya simu. Kocha ni mtu mzuri, mtu wa sala. Alisimamia harusi yangu. Nasema hivi ili ieleweke kwamba aliyenikasirisha hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemjibu siku ileile. Huyu kila nikimuuliza nitacheza lini, anacheka: "Wewe ni mchezaji wetu wa akiba, mama. Na akiba haiozi."

Mimi nilikuwa naoza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mdogo kuliko wote pale. Kule Bukavu nilichezea timu ya shule mpaka nikamaliza sekondari, na mikono yangu ilikuwa haijasahau kitu. Kilichobaki changu ni mapumziko ya katikati tu. Wenzangu wakija kunywa maji nawarudishia watoto wao, wangu namfunga vizuri mgongoni, nachukua mpira na kuingia uwanja ukiwa mtupu. Nadunda kushoto, nadunda kulia, naruka, narusha. Binti yangu alikuwa anacheka kila ninaporuka. Refa akipuliza filimbi, narudi kwenye nepi.

Hapo ndipo aliponiona nahodha wa Westville. Timu yao ni ya wanawake wa Kenya, wengine wanafunzi wa chuo kikuu, wengine watu wa maofisini, watu wa kuja na magari yao. Siku hiyo walitufunga vibaya sana. Mechi ilipoisha, wenzake wakaenda kupiga picha, yeye akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi letu. Akanitazama, akawatazama watoto, akamgeukia kocha.

"Kocha, huyu dada mbona hachezi?"

"Huyu? Iko na mutoto mudogo."

"Mtoto nimemwona. Nimeuliza mbona hachezi."

Kocha akacheka. Nahodha hakucheka. Akasema wao wananitaka, na wako tayari kutoa mtu.

Lazima nieleze hapo. Timu zetu za Jumapili ni chache, na tuliwahi kugombana sana kwa kuibiana wachezaji, mpaka watu wakanyimana salamu kanisani. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba katikati ya msimu hakuna anayehama, isipokuwa timu mbili zikibadilishana, mtu kwa mtu. Kunichukua mimi, Westville walipaswa kuacha mmoja wao.

"Aa, kumbe mumekuja kuposa!" kocha akasema kwa sauti kubwa.

Basi, ikawa balaa. Wakongo ukitutajia posa tu, umeshatupa sherehe. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mmoja akatandaza kitenge kwenye saruji, wakwe wakae. Na nahodha wa Kenya akakaa kweli, miguu kaikunja, akajikohoza.

"Tumeona ua kwenu," akasema. "Linatupendeza, na nyinyi hata maji hamlimwagilii."

"Ua letu lina mahari," kocha akajibu. "Tunataka yule murefu."

Yule mrefu ndiye aliyetufunga. Mwanamke wa makamo, mfanyakazi wa ofisi, akiinua mikono hakuna mpira unaopita. Kisha Wakenya wakalipuka wote pamoja.

"Aii, kocha! Huyo hapana!"

"Basi posa imekufa."

"Chukua wengine wawili!"

"Kanuni ni mtu kwa mtu."

"Mmoja, na mipira mipya!"

"Mipira tuko nayo. Urefu ndiyo hatuna!"

Walikuwa wananipandisha na kunishusha hivyo mimi nimekaa palepale, watoto wa watu mapajani. Na katikati ya vicheko nikamsikia mwenzangu mmoja, wa timu yangu mwenyewe, akiuliza kwa wasiwasi wa kweli: "Lakini akienda, watoto watashikwa na nani?"

Nikasimama.

"Mimi nimeshaposwa mara moja, inatosha! Mimi si mbuzi ya Noeli. Nani ameniuliza? Hata mmoja?"

Nikamrudishia kila mtu mtoto wake. Nikamfunga wangu, nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia kocha anasema, "Eish, tulikuwa tunacheza tu," na hilo likaniongezea hasira, kwa sababu kucheza ndiko nilikokuwa nimenyimwa.

Nilifika mpaka kwenye robot, zile taa za magari za barabara kubwa. Nilikuwa nangoja taa ya kuvuka, machozi yananitoka. Mimi silii kwa huzuni, nalia kwa hasira, na watu huwa wanakosea kunipa pole. Gari likasimama kando. Kioo kikashuka. Alikuwa yule mrefu.

"Ingia, mama mtoto."

"Siingii."

"Haya, basi mimi nitatoka."

Akaegesha gari vibaya, tairi moja juu ya njia ya miguu, akatoka bado amevaa jezi. Taxi iliyokuwa nyuma yake ikapiga honi mpaka binti yangu akaamka.

"Wamepiga mnada pale," akasema, "na mimi pia hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo tuko wawili. Sasa nakuuliza wewe. Unataka kucheza?"

Tangu nijifungue nilikuwa nimeulizwa kama maziwa yanatoka, kama mtoto analala, kama tumbo limerudi. Hilo nilikuwa sijaulizwa. Kwa hiyo nilimjibu vibaya, kama ninavyojibu nikiguswa mahali panapouma.

"Nataka. Lakini mtoto nitamweka wapi? Baba yake anafanya kazi ya usiku kwenye maghala ya Mobeni, Jumapili mchana analala kama gogo. Westville kwenu ni kwa watu wenye magari. Na nyinyi mmesoma chuo, mimi nasuka nywele. Nikikosea mtanicheka kwa Kiingereza."

Hakunipa pole. Alifikiri, mkono juu ya paa la gari.

"Mazoezi ni Jumamosi. Nahodha atakupitia na gari, si ni yeye anakutaka? Jumapili timu zote tuko uwanja mmoja. Ukicheza, mimi nitakuwa nimemaliza au bado sijaanza. Mtoto utanipa mimi."

"Na wenzako unaowaacha?"

"Tunakaa mtaa mmoja, wataenda wapi? Wacha nikwambie ukweli. Hili goti langu halitaki tena kukimbia, na timu yenu haikimbii."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka, maana ilikuwa kweli tupu.

Tukarudi naye. Watu walikuwa bado wanabishana. Yeye akapita katikati yao akamwambia kocha, "Jezi yangu iko wapi? Na iwe ndefu." Wakenya wakalalamika, mmoja akalia kabisa. Kocha hakushangilia. Alinigeukia.

"Unaenda kweli, mama?"

"Naenda."

"Basi nenda ukacheze. Usituaibishe huko."

Sikumjibu kwa ukali. Nilimpa mkono.

Jumamosi ya kwanza Westville nilitapika kando ya uwanja kwa kuchoka, na nahodha akanipa maji na kuniambia niendelee. Hakuna aliyenicheka kwa lugha yoyote. Hakuna aliyenipa mtoto. Namshukuru Mungu kwa hao wanawake, na nikisema hivyo sisemi kwa mazoea ya kanisani. Lakini zaidi namshukuru yule mrefu. Kila Jumapili, kabla filimbi haijalia, alikuwa ananinyooshea mikono ile mirefu bila kungoja niombe. Aliacha watu wake, akaenda kukaa na wasusi wanaomsema kwa Kifaransa, na akatoka jasho lake kisha akabeba mwanangu. Binti yangu alianza kumwita mama. Niliona wivu kidogo. Kidogo tu.

Halafu ikafika siku ya mechi ya Westville na Umbilo, sisi wote wawili tunacheza. Kocha mwenyewe ndiye aliyesema, "Lete mutoto," na akasimama kando ya uwanja amempakata, anapiga kelele kwa sauti ya chini ili asimshtue. Mimi nikapata mpira. Nikampita mmoja wa wenzangu wa zamani, nikampita wa pili, yule aliyekuwa anauliza watoto watashikwa na nani. Mbele ya kikapu akabaki yule mrefu peke yake, mikono juu.

Niliruka kwa nguvu zote nilizo nazo. Alinifunika. Mpira uliruka mpaka katikati ya uwanja kwa wenzake, na mimi nikaanguka kwa makalio, uwanja mzima ukipiga yowe.

"Ulifikiri nitakuhurumia?" akauliza, akinivuta nisimame.

Siku zile zote za benchi hakuna aliyewahi kuninyooshea mkono anizuie. Viwiko vilikuwa vinatoka damu. Nilikuwa nimekasirika vizuri kabisa, kama zamani, na nilikuwa nakimbia kurudi kulinda huku nimegeuza shingo, nampigia kelele:

"Ngoja hapohapo, mama! Narudi!"