Miche ya Kengeja Isiyokubali Safu

Saa moja asubuhi, Mzee Shaame Kificho amechutama katika kitalu cha serikali huko Kengeja, anahesabu miche ya mikarafuu kwa mara ya nne. Kila ikitimia mia, anatupa kikonyo kimoja cha karafuu ndani ya pakacha. Vikonyo vinafika mia moja. Miche saba inabaki.

"Elfu kumi, na saba juu," anasema. "Ile ile ya jana."

Hesabu hiyo inaweza kumtoa kazini. Barua kutoka mjini imeamuru miche yote ipandwe kwa safu zilizo sawa kwa idadi, usibaki hata mmoja. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Safu zikipishana, mtunza kitalu hana kazi, wala hana zile shilingi tatu za siku. Aliyeandika barua hakutazama hata daftarini miche ni mingapi. Wakubwa ndivyo walivyo: wao huamuru, hesabu humwachia mwenye jembe.

Mzee Shaame, miaka hamsini na minane, alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani. Kugawa alifunzwa na babake, aliyekuwa akiwagawia watu nazi za urithi.

"Kwa tatu haiendi," anaeleza. "Jumlisha tarakimu zake: moja na saba ni nane, na nane haigawiki kwa tatu. Kwa saba inabaki minne. Kwa kumi na moja, minane. Kwa kumi na tatu, kumi."

Amejaribu siku nne, mpaka mia, kisha akaacha. Kwa nini mia?

"Safu zikizidi mia, kila safu itakuwa na miche isiyofika mia. Na hesabu hizo za chini ya mia nshazijaribu zote. Nambari hii, bwana, haina mlango."

"Basi panga safu moja," anacheka Ahmada, mwenzake wa jembe. "Anzia hapa, umalizie Makangale, kule ncha ya pili ya kisiwa!" Kisha anashusha sauti. "Ng'oa miwili, Mzee. Utapata safu themanini na saba, miche mia na kumi na tano kila moja. Nani atajua?"

"Miaka miwili naitilia maji, leo niiue kwa ajili ya barua?"

Jibu lilikuwa nyumbani kwake, mlangoni mwa jiko. Mkewe, Bi Mwatima, alikuwa na mche mmoja kwenye kopo, aliouotesha mwenyewe.

"Uchukue, Baba Tatu," alimwambia, akimwita kwa jina la binti yao. "Ila ukinifia huko, na weye usirudi."

Ukiongezwa huo, safu zinakuwa sabini na mbili, kila moja miche mia na thelathini na tisa. Haubaki hata mmoja. Lakini daftari la mjini halina mche wa Bi Mwatima.

Mzee Shaame anakusudia kuupanda wa mwisho kabisa, pembeni, mkaguzi akiwapo.

"Akisema umezidi, nitampa jembe aung'oe mwenyewe," anasema, akifuta udongo mikononi. "Halafu anioneshe safu zake."