Konzi ya Tatu

Usiponisadiki sitakulaumu, maana hata mimi ningesimuliwa ningecheka. Lakini gari lenyewe lipo hapa kwetu Msambweni, kando ya mto wa kulalia wa Bibi, na mwenye macho aje alitazame.

Ni gari la mfano, la plastiki, lori la jeshi la Wajerumani wa zamani, halizidi urefu wa kiganja. Babu alipewa na Mjerumani mstaafu wa Galu aliyemfanyia kazi ya bustani. Tuliliunga pamoja barazani, kipande kwa kipande. Mimi si msemaji. Shuleni naweza kumaliza siku nzima bila kufungua kinywa, lakini mbele ya Babu na lile lori nilikuwa na maneno.

Tabu ilikuwa rangi. Malori yale yalipelekwa jangwani yakiwa ya kijivu, kisha yakapakwa manjano iliyofifia, inayoelekea kahawia. Ukizidisha kahawia unapata chai ya maziwa, ukizidisha manjano unapata embe. Nilichanganya rangi za dukani Ukunda mpaka vikopo vikakauka. Nilipotuma picha kwenye kundi letu la simu, la watu wanaounga magari kama haya, mmoja akajibu kwamba lori langu lina homa ya manjano, lipelekwe hospitali. Babu alicheka mpaka akakohoa, kile kikohozi chake kifupi cha mara mbili. Kisha akaniambia alivyosikia kwa yule Mjerumani, kwamba askari walipokosa rangi walipaka udongo wa palepale walipo, uliochanganywa na mafuta.

"Basi na sisi tutafute udongo," akasema.

Tukajaribu mchanga wa ufuoni, tukajaribu wa Bongwe, ambao ni mwekundu. Hakuna uliofaa. Kisha Babu akafariki.

Siku ya maziko nilisimama ukingoni mwa kaburi. Unajua desturi, kila mtu hutupa konzi tatu za udongo. Nikatupa ya kwanza, nikatupa ya pili. Ya tatu nikaitazama. Ulikuwa udongo wa chini kabisa, uliotoka pale alipolazwa, na ulikuwa rangi ile. Ile ile, niamini. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Najua, ungeutupa. Mimi niliutia mfukoni mwa kanzu, nikakung'uta mkono mtupu juu ya kaburi ili wenzangu waone kuwa nami nimetupa.

Nyumbani niliuchekecha kwa chujio la chai la Bibi, nikauchanganya na gundi, nikapaka. Rangi ikakubali. Bibi alipoliona alilia, akaomba likae kando ya mto wake muda wote wa eda. Alisema lanukia Babu. Lile chujio nimeliosha mara nyingi, na bado chai yake siwezi kuinywa.

Haukupita muda. Ilikuwa jua la utosi, wanaume wamekwenda kuswali adhuhuri, mimi nimeachwa nimwangalie Bibi kwa kuwa yuko eda hatoki. Nilikuwa nimeliazima lori, nimekaa nalo barazani nikimalizia magurudumu, nikahisi mtu amesimama. Amevaa nyeupe. Shingo imepinda upande, uso umeelekea begani, sikuuona. Nikamwamkia shikamoo.

Sisi tunaounga mifano, macho yetu hutafuta viungo, pale vipande viwili vinapokutana, ili tuvifiche. Nguo ile haikuwa na mshono. Si begani, si ubavuni, si kwenye pindo. Nayo ilinuka kafuri. Unaijua nguo isiyoshonwa, anayovikwa mtu mara moja tu?

"Rangi umeipatia," akasema. "Ila nimelala vibaya, mjukuu wangu. Shingo yaniuma." Akagusa chini ya shavu. "Hapa pamepungua."

Akakohoa, mara mbili.

Bibi akauliza kutoka ndani, "Ni nani huyo?"

Nami, kwa hofu na aibu, nikajibu, "Hakuna mtu, Bibi."

Nilipogeuka, baraza tupu. Kisha nikamsikia Bibi akisema polepole, kama anayejisemea, "Nilidhani nimemsikia babu yako. Basi ni masikio yangu, uzee huu."

Tangu hapo, kila Ijumaa nakwangua udongo kidogo kwa wembe, naupeleka maziarani, naumwaga upande wa kichwa. Nakwangua uvunguni mwa lori, asikoona Bibi. Uvungu wote umerudi kijivu. Naye nimemwona tena, akipita nje ya ua jua likiwa utosini, na Wallahi shingo imenyooka kidogo. Kidogo tu. Kilichobaki sasa kipo juu, kwenye boneti na milango, ambako Bibi hupitisha ncha ya leso yake kila jioni akiniambia, "Mmeipatia kweli, wewe na yeye."

Ijumaa inakuja, na sina pengine pa kukwangua.

Kwa hivyo nakwambia wewe unayesoma. Ukisimama ukingoni mwa kaburi la mtu wako, tupa zote tatu, ufungue vidole, ukung'ute mpaka kucha. Na aliye ndani akikuuliza nani yuko nje, usimwambie hakuna mtu.